Kuchagua vishikio vya chupa vya kaboni kwa baiskeli ya mbio: hatua kwa hatua

Chupa iliponitoka tulikuwa watu saba tumefuatana mstari mmoja kwenye barabara ya Bagamoyo, tumeshaiacha Bunju nyuma, jua ndiyo kwanza linachomoza. Mbele kulikuwa na rasta zile za kuwapunguzia madereva mwendo kabla ya kivuko. Tulipozigonga, chupa yangu ya bomba la kiti, lile linaloshuka kutoka kwenye tandiko, iliruka kutoka kwenye kishikio, ikadunda mara moja kwenye lami na kupita sentimita chache mbele ya gurudumu la dada aliyekuwa nyuma yangu. Hakuanguka. Lakini chupa kubwa iliyojaa maji ina uzito wa zaidi ya gramu 800, na tairi la milimita 25 likipanda juu ya kitu kama hicho ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 35 kwa saa, mtu anaweza kuvunjika mfupa wa bega.

Kishikio kile kilikuwa cha kaboni, chepesi kuliko chochote nilichowahi kufunga kwenye baiskeli, na wepesi huo ndio uliokuwa sababu yangu pekee ya kukinunua. Tangu siku ile nachagua kwa mpangilio mwingine, na ndio ninaouandika hapa: kwanza kishike chupa, kisha kiingie vizuri kwenye fremu yako, kisha kidumu. Uzito unakuja mwisho.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya gramu kabla ya kufungua pochi

Kishikio cha plastiki cha kawaida huwa na gramu 40 hadi 60. King Cage cha chuma kisichoshika kutu, kinachotengenezwa kwa mkono huko Durango, Colorado, kina takriban gramu 48. Ndugu yake wa titani ana takriban 28. Arundel Mandible, ambacho ni cha kaboni na kinasifiwa sana kwa kushika, nacho ni takriban gramu 28. Tacx Ciro kinakaribia hapohapo. Ukitaka kushuka zaidi, Elite wana Leggero Carbon cha takriban gramu 15.

Sasa chukua kijiko kikubwa cha chakula. Kinabeba mililita 15 za maji, yaani gramu 15. Ukitoa kishikio cha plastiki cha gramu 45 ukaweka cha kaboni cha gramu 25, umepunguza gramu 20. Kwa vishikio viwili ni gramu 40, pungufu ya vijiko vitatu vya maji. Funda moja la kwanza unalokunywa ukitoka nyumbani linapunguza uzito kiasi hicho hicho, bure. Na tofauti kati ya kishikio cha kaboni cha gramu 28 na kile cha gramu 15 ni kijiko kimoja kisichojaa, lakini bei yake inaweza kuruka mbali sana.

Hata kwa waendeshaji wa kulipwa hesabu haibadiliki sana. Tangu mwaka 2000 UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, hairuhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8. Baiskeli inapowekwa kwenye mizani chupa huondolewa, ila vishikio huachwa vilivyo kwa kuwa vinahesabiwa kuwa sehemu ya baiskeli. Timu ambayo baiskeli zake zimeshafika kwenye mpaka huo haina faida ya kutafuta kishikio chepesi zaidi.

Kwa nini basi ununue kaboni? Zipo sababu nzuri. Mkono wa kishikio cha kaboni, ule unaokumbatia chupa, ukiutanua hurudi palepale ulipokuwa. Wa alumini kila ukiutanua hubaki umelegea kidogo, baada ya mwaka unaukunja kwa mikono urudi, na siku moja unakatika kwenye kona. Alumini isiyopakwa rangi pia huiachia chupa masizi ya kijivu ambayo hayatoki kwa sabuni wala kwa kusugua. Kaboni haina hayo, na haishiki kutu. Halafu kuna uzuri wa kitu chenyewe. Ukiwa umejinyima miezi kadhaa kununua fremu unayoipenda, una haki ya kutaka vishikio vinavyofanana nayo, na sioni aibu kuliandika hilo. Nunua kaboni kwa sababu hizi. Kama sababu yako ni gramu tu, pesa hiyo peleka kwenye matairi mazuri, utaiona faida yake kila kilomita.

Hatua ya 2: Anza na chupa

Wengi hununua kishikio kwanza, kisha wanatumbukiza chupa yoyote iliyopo jikoni. Geuza utaratibu. Chupa za baiskeli za kawaida zina kipenyo cha milimita 73 hadi 74, na sehemu ya juu zina mtaro unaozunguka. Mtaro huo una kazi yake: ulimi mdogo ulio juu ya kishikio unaingia humo na kuzuia chupa isipande. Chupa isiyo na mtaro, au yenye mtaro usiolingana na ulimi, inashikwa na mikono ya pembeni peke yake.

Chupa ya maji ya dukani, ile ya nusu lita unayonunua njiani, ni nyembamba kuliko kipimo hicho na ukuta wake unabonyea. Kwenye kishikio cha kaboni itacheza, kisha itaruka. Tunaitumia sana, nafahamu, maana ukiwa Chalinze saa tano na maji yamekwisha hakuna duka la vifaa vya baiskeli. Jibu langu ni kumimina maji yake kwenye chupa yako ya baiskeli na kumwachia mwenye duka chupa tupu. Kinyume chake, usilazimishe chupa nene kuingia, kwa mfano ile ya lita moja na nusu. Mikono ya kaboni ikitanuliwa kupita kiasi huanza kupasuka ndani kwa ndani, na huoni kitu hadi siku inapokatika.

Hata chupa za baiskeli zenyewe hazifanani. Elite Fly ina ukuta mwembamba na laini, ni raha kuiminya, lakini kwa sababu hiyo hiyo inateleza kirahisi kwenye kishikio kilicholegea. Chupa zenye kuta mbili za kutunza ubaridi, kama CamelBak Podium Chill, ni ngumu zaidi na hukaa imara, ingawa zinabeba maji kidogo kwa urefu uleule kwa sababu ukuta umekula nafasi. Kwa joto la Dar es Salaam, Mombasa au Muscat mimi huchagua hizo kwa bomba la chini, lile la mshazari linalotoka mbele kushuka kwenye pedali, na kukubali hasara ya funda chache.

Kama unashindana, kumbuka pia kwamba UCI imeweka mipaka ya chupa: upana wake usiwe chini ya sentimita 4 wala kuzidi sentimita 10, na ujazo wake uwe kati ya mililita 400 na 800. Chupa kubwa ya karibu lita moja, ambayo kwenye safari ndefu ni mkombozi, imeshavuka mpaka huo.

Ukienda dukani nenda na chupa zako mbili, zimejaa maji. Ukinunua mtandaoni, pima kipenyo cha chupa yako kwa kuizungushia uzi, kisha gawanya urefu wa uzi kwa 3.14. Uzi wa milimita 230 unakupa 73.

Hatua ya 3: Pima nafasi ndani ya fremu

Matundu mawili ya kufungia kishikio yameachana milimita 64 kutoka katikati hadi katikati, na bolti zake ni M5, yaani za kipenyo cha milimita 5. Hili ni jambo jema sana katika ulimwengu wa baiskeli ambao kila kampuni inapenda kuwa na kipimo chake: kishikio kipya cha mwaka huu kitaingia kwenye fremu ya chuma ya mtumba ya miaka ya themanini iliyoteremshwa bandarini jana, ili mradi ina matundu. Kuwa mwangalifu tu na baadhi ya fremu za kukata upepo. Trek Madone ya 2024, kwa mfano, ilikuja na chupa na vishikio vyake maalumu vilivyochongwa kufuata umbo la fremu. Soma kitabu cha fremu yako kabla ya kuvitoa.

Tatizo linaloonekana mara nyingi ni fremu ndogo. Ukiwa na fremu ya saizi 52 kushuka chini, chupa ya bomba la kiti ukiivuta juu inagonga bomba la juu, au chupa mbili zinagongana vichwa. Fanya hivi: weka chupa mahali inapotarajiwa kukaa, ishike kwa mkono, kisha ivute juu kufuata bomba. Unahitaji sentimita kumi hivi za nafasi huru juu ya kifuniko. Kama hazipo, tafuta kishikio cha kuingizia chupa kwa upande. Hivi vina mdomo uliofunguka kushoto au kulia, na ni lazima uchague kulingana na mkono unaotumia kunywa. Anayenywa kwa mkono wa kulia anataka mdomo wa kulia kwenye bomba la chini. Specialized Zee Cage vinauzwa kwa pande zote mbili, na Arundel nao wana Sideloader. Wenye miili midogo, na kina dada wengi ninaoendesha nao wako humo, huwa wameuziwa vishikio vya kawaida na kuambiwa kwamba kuhangaika kuchomoa chupa ni jambo la kuzoea. Si la kuzoea. Mtu anayehangaika na chupa yake hanywi maji ya kutosha, na anayumba barabarani kila anapojaribu.

Angalia pia chini ya kishikio cha bomba la kiti. Kwenye baadhi ya fremu, bendi inayoshika kihamisha mnyororo cha mbele imekaa hapohapo, na kitako cha kishikio kinaigonga. Vishikio vingi vina matundu marefu yanayokuruhusu kukipandisha au kukishusha kidogo, kwa hiyo chagua chenye matundu hayo kama nafasi yako ni finyu.

Baadhi ya fremu zina matundu ya tatu chini ya bomba la chini, upande wa nje. Usiweke kaboni hapo. Ndipo mawe yote ya gurudumu la mbele yanapogonga, na kwenye mashindano ya barabarani ya UCI chupa haziruhusiwi kukaa huko hata hivyo.

Hatua ya 4: Ijue kaboni unayouziwa

Neno kaboni kwenye tangazo linaweza kumaanisha vitu viwili vyenye tabia tofauti.

Cha kwanza ni kishikio kilichojengwa kwa nyuzi ndefu za kaboni zilizolowekwa resini ya epoksi, zikalazwa tabaka juu ya tabaka ndani ya umbo na kupikwa. Hicho ndicho chepesi na kigumu. Ukisoma 3K, maana yake kila kifungu kilichofumwa kina nyuzi 3,000, ndiyo ile sura ya mkeka mdogo mdogo. Ukisoma UD, maana yake nyuzi zote zimelala upande mmoja. Usiumize kichwa kuchagua kati ya hizo mbili. Mara nyingi tabaka la juu ni la urembo, na kazi inafanywa na yaliyo chini yake.

Cha pili ni nailoni iliyochanganywa na vipande vifupi vya nyuzi, vya kaboni au vya kioo, ikamiminwa kwenye umbo kama plastiki yoyote. Kina rangi moja ya kijivu cheusi, hakina mfumo wa nyuzi, na pembeni utaona mstari mwembamba ambapo pande mbili za umbo zilikutana. Kitu hiki si kibaya hata kidogo. Kinavumilia kugongwa na kupinda kuliko kaboni halisi, na bei yake ni nafuu. Kosa ni kukilipia bei ya kile cha kwanza. Na kuna wauzaji wanaovika plastiki karatasi yenye picha ya kaboni. Chunguza ndani ya tundu la bolti, maana huko karatasi haifiki na plastiki inaonekana ilivyo.

Ukiwa nacho mkononi, angalia mahali panne kwa mwanga mzuri. Kwanza, kona ambapo mkono unatoka kwenye uti wa mgongo wa kishikio, kwa sababu ndipo vinapokatika vingi. Pili, ukingo wa matundu ya bolti: uwe laini, usiwe na nyuzi zilizochomoza wala tabaka zilizoachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Tatu, kitako kinachobeba chupa. Nne, ukingo wa ndani wa mikono, upitishe kidole taratibu. Ukingo mkali utaikwangua chupa hadi maandishi yote yaondoke, na siku moja utakuchana.

Kisha itanue mikono kwa vidole, kiasi ambacho chupa ingeitanua, na usikilize. Kaboni nzuri inapinda kimya kimya. Ikilia kama ukuni mkavu, kirudishe.

Mtandaoni vimejaa vishikio visivyo na jina vinavyotangazwa kuwa na gramu 20 na kidogo. Nimewahi kununua kadhaa. Vingine nilivifurahia na bado ninavyo. Vingine havikufanana hata viwili vya pakiti moja: kimoja kinabana, kingine kimelegea, na mizani ya jikoni ikaonyesha tofauti ya gramu tano. Tatizo lake ni hilo la kubahatisha. Kama utajaribu njia hiyo, nunua viwili, vipime vyote, na usifunge kwenye bomba la kiti kile kilicholegea.

Hatua ya 5: Jaribu mshiko, hasa wa bomba la kiti

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Chupa haichomoki kwa sababu baiskeli inatikisika tu. Inachomoka kwa sababu baiskeli inarushwa juu na kushuka ghafla, na chupa inaendelea na safari yake ya juu. Sasa tazama pembe. Bomba la kiti limesimama karibu wima, nyuzi 73 hivi, kwa hiyo njia ya chupa kutoka inaelekea karibu moja kwa moja kule kule inakorushwa na tuta. Bomba la chini limelala zaidi, na sehemu kubwa ya mrusho ule inaisukuma chupa kwenye mikono ya kishikio badala ya kuitoa. Ndiyo maana chupa iliyonitoka ilikuwa ya nyuma, na ndiyo maana nakushauri usinunue vishikio viwili kwa kuangalia kufanana tu. Kinachobana zaidi kiende kwenye bomba la kiti. Kilicho rahisi kuchomoa kiende kwenye bomba la chini, ambako ndiko mkono unakokwenda mara kwa mara. Wale wa triathloni wanaoweka chupa nyuma ya tandiko wana mtihani mkubwa zaidi, maana huko nyuma mrusho ni mkali na chupa ikitoka hujui. Kwa hao ningesema wasahau gramu kabisa.

Tazama umbo. Mikono inayozunguka chupa kwa zaidi ya nusu ya mzingo wake inashika kuliko ile inayoigusa kwa ncha mbili. Ulimi wa juu uwe mpana na ukae kwenye mtaro wa chupa bila kulazimishwa. Kitako kiwe na ukingo unaokumbatia chini ya chupa, kwa sababu chupa inayocheza chini itajipandisha yenyewe kidogo kidogo.

Majaribio yangu ni matatu. Tumbukiza chupa iliyojaa, pindua kishikio juu chini, na kitikise kwa nguvu kama mtu anayekung'uta mchanga kwenye kiatu. Isitoke. Kisha, kikishafungwa kwenye baiskeli, nyanyua gurudumu la nyuma sentimita kumi kutoka chini na uliachie, mara kumi mfululizo. Chupa isiwe imepanda hata milimita chache; weka alama ya kalamu uone. Mwisho, lowesha mkono maji kama una jasho, kaa kwenye baiskeli huku mwenzako ameishika, na uchomoe chupa na kuirudisha bila kutazama chini. Kishikio kinachohitaji mikono miwili kimefeli sawa na kile kinachoachia chupa.

Hatua ya 6: Kifunge kwa utaratibu

Vishikio vingi vya kaboni huharibikia mikononi mwa fundi mwenye haraka. Nakuomba ufanye kazi hii mwenyewe, ni ya dakika kumi.

Tumia bolti zenye kichwa bapa kwa chini, pamoja na washa. Usitumie kamwe bolti zenye kichwa cha koni. Koni ikikazwa inapanua tundu kama kabari ya kupasulia kuni, na kaboni inapasuka kuanzia hapo. Urefu wa milimita 12 hadi 15 unatosha kwa vishikio vingi. Bolti ndefu kupita kiasi inaweza kugusa nyaya zinazopita ndani ya bomba.

Kabla ya kukaza, kiweke kishikio kwenye bomba na ukibonyeze kwa kidole huku na huku. Kikiyumba kama kiti chenye mguu mfupi, mgongo wake haulingani na umbo la bomba, na ukikaza utaulazimisha upinde hadi uvunjike. Weka washa moja au mbili kati ya kishikio na bomba hadi kitulie.

Kisha chagua kati ya grisi na gundi ya bolti. Kaboni hupitisha umeme, na ikikaa pamoja na alumini kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Nati zilizobanwa ndani ya fremu mara nyingi ni za alumini, na maji ya chumvi tunayo ya kutosha, ya bahari na ya jasho letu. Kwa watu wa pwani, Tanga, Unguja, Mombasa, naweka grisi kidogo kwenye hesi kila mara. Kwa anayepita barabara mbovu kila siku, tone dogo la gundi ya bluu linazuia bolti kulegea. Nyekundu usiiguse, maana kuifungua kunahitaji moto, na moto na fremu ya kaboni havikai pamoja.

Anza bolti zote mbili kwa vidole, mizunguko mitatu minne, ndipo ushike alenki. Nyingi ni za milimita 4, chache 3, na siku hizi zipo za nyota T25. Kaza kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo. Kipimo cha kawaida ni 2 hadi 3 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza); soma kilichoandikwa kwenye kishikio na kwenye fremu, na ufuate kilicho kidogo. Huna spana yenye kipimo? Laza mkono wa alenki usawa na ardhi, funga uzi sentimita 10 kutoka kwenye bolti, na uning'inize chupa ya maji ya lita mbili. Bolti ikiacha kuzunguka kwa uzito huo, uko karibu na 2 Nm. Utashangaa jinsi ilivyo kidogo ukilinganisha na tulivyozoea kukaza.

Ikitokea bolti inazunguka bila kukaza, acha hapohapo. Nati ya ndani imelegea. Ukiendelea kulazimisha utapanua tundu la fremu. Peleka kwa fundi mwenye mashine ya kubana nati za riveti, airudishe.

Hatua ya 7: Kama barabara yako ni ya mawe au vumbi

Kwenye Paris–Roubaix, mbio zenye zaidi ya kilomita 50 za barabara ya mawe, pembeni mwa Arenberg, kipande kimojawapo cha mawe hayo, hubaki chupa nyingi zilizoruka. Mafundi wa timu wamezoea kubandika utepe wenye mkwaruzo ndani ya vishikio, au kufunga vya chuma kwa siku hiyo moja. Sisi tunaweza kupata kitu hicho hicho kwa kukata kipande cha tyubu kuukuu, upana wa vidole viwili, na kukibandika ndani ya kishikio pale chupa inapogusa. Jaribu baadaye kama chupa bado inatoka kwa mkono mmoja.

Mashindano ya dunia ya Kigali ya Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, yalikuwa na mlima wa mawe wa Kimihurura uliorudiwa mzunguko baada ya mzunguko, na wanaume walipita kilomita 267.5 kabla ya Tadej Pogačar kushinda. Niliowasikia wakisema wanataka vishikio vya mbio kwa ajili ya mawe kama yale, nawaambia waangalie mwendo. Kwenye mawe ya kupanda baiskeli inakwenda polepole na mirusho ni midogo. Yanayokunyang'anya chupa ni mawe, mashimo na matuta ya kuteremka. Chagua mshiko kwa mteremko mbaya kuliko yote ulio kwenye njia yako ya kila wiki.

Kwa safari za vumbi na changarawe, kama zile za Migration Gravel Race huko Maasai Mara, mimi huacha kaboni nyumbani. Nailoni ngumu au chuma chembamba hupigwa na jiwe na kuendelea, na changarawe ikiingia kati ya chupa na kaboni inakuwa msasa.

Hatua ya 8: Ukaguzi

Vinywaji vya sukari na chumvi vinavyomwagika hugandia ndani ya kishikio na kushikilia vumbi. Suuza kwa maji na sabuni kila unapoosha baiskeli, na uchomoe chupa kwanza. Baiskeli isianikwe juani kutwa nzima kama unaweza kuepuka; mionzi ya jua huchosha resini, na varnishi ikianza kuwa ya njano au kumenyuka ndiyo dalili.

Mara moja kwa mwezi zikague zile sehemu nne za hatua ya nne. Mstari mweupe unaoukata mkono kwa upana, nyuzi zilizochomoza, au mkono unaopinda kirahisi kuliko mwenzake, vyote vina maana moja. Usigundishe. Kivue na ukitupe kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, maana vibanzi vya kaboni vinachoma kuliko miiba na ni vigumu kuviona kwenye ngozi. Usikikate kwa msumeno bila kuziba pua na mdomo.

Kishikio kizima ambacho mshiko wake ni hafifu hakina haja ya kutupwa. Kile kilichoniachia chupa Bunju kipo mpaka leo, kwenye baiskeli iliyofungwa sebuleni kwa mazoezi ya msimu wa masika.